Miezi Sita Imetimia: Ziwa Linabaki, Chakula Kinaongezwa

Mtoto anapotimiza miezi sita, katika nyumba nyingi za Unguja hubandikwa jikoni sufuria ndogo kwa ajili yake. Kuanzia Shangani na Malindi hadi Makunduchi na Nungwi, chakula cha kwanza kinachomfikia kwa kawaida ni uji. Wakati huo ni sahihi na nia ya wazazi ni njema. Hata hivyo, mambo mawili huweza kuiharibu kazi hiyo nzuri: chakula kuchukua nafasi ya ziwa badala ya kuongezwa juu yake, na uji kupikwa mwepesi kiasi kwamba mtoto hushiba maji. Makala hii inaeleza kwa nini ziwa libaki, ni kitu gani kiwekwe katika kijiko cha mtoto, kwa uzito gani na mara ngapi kwa siku, pamoja na huduma zinazopatikana karibu na wakaazi wa wadi zetu.

Kwa nini miezi sita

Ushauri wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ambao ndio unaotolewa katika kliniki za mama na mtoto, una sehemu tatu. Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo. Baada ya hapo aanzishiwe vyakula vya nyongeza. Na kunyonya kuendelee hadi miaka miwili au zaidi. Kwa familia za Kiislamu muda huo si mgeni, kwani Qur'ani, katika Surat Al-Baqarah, aya ya 233, inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza unyonyeshaji.

Kabla ya miezi sita mtoto hahitaji maji, hata katika joto la kaskazi. Zaidi ya asilimia 85 ya maziwa ya mama ni maji, na yanamtosha. Maji ya kunywa, uji mwepesi au maji ya sukari humletea vijidudu vya kuharisha wakati tumbo lake halijawa na kinga ya kutosha, na humfanya anyonye kidogo.

Baada ya miezi sita hali hubadilika. Mwili wa mtoto umekua, naye ameanza kujipindua, kukaa na kutambaa. Maziwa peke yake hayawezi tena kukidhi mahitaji yake yote. Lakini hayajapoteza thamani. Kati ya miezi 6 na 12 maziwa ya mama bado huweza kumpa mtoto nusu au zaidi ya nguvu anazohitaji, na kati ya miezi 12 na 24 humpa takriban theluthi moja. Ndiyo maana wataalamu hukiita chakula hiki "cha nyongeza". Jina lenyewe linaeleza kazi yake.

Dalili za mtoto aliye tayari huonekana kwa macho: anaweza kukaa akiegemezwa, shingo yake imekaza, anakitazama chakula cha wengine na kunyoosha mkono kukitaka, na akiwekewa kijiko mdomoni hakisukumi nje kwa ulimi. Kuota meno si kipimo. Wapo watoto wanaofika miezi kumi bila jino na ambao hutafuna vyakula laini kwa ufizi bila taabu. Kama ilivyo hatari kuanza mapema, kuchelewa nako kuna madhara, kwani mtoto asiyeongezewa chakula baada ya miezi sita huanza kupungukiwa damu na kudumaa.

Hesabu ya kikombe cha uji

Tumbo la mtoto ni dogo. Linakadiriwa kubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo moja ya uzito wake. Mtoto wa kilo saba na nusu, kwa hiyo, hushiba kwa mililita 225 hivi, chini kidogo ya kikombe cha robo lita. Nafasi hiyo ni finyu, na kila kinachoingia hukifungia mlango kingine.

Chukua uji uliopikwa kwa kijiko kimoja kikubwa cha unga wa mchele, yaani gramu kumi hivi, katika robo lita ya maji. Uji huo una takriban kalori 35. Ukitiwa kijiko kidogo cha sukari hufika kalori 50 hivi. Maziwa ya mama ya ujazo huo huo yana kalori zaidi ya 150, pamoja na mafuta, protini, vitamini na kinga ya maradhi. Mtoto aliyejazwa kikombe cha uji mwepesi ametulia kwa sababu tumbo limejaa, si kwa sababu mwili umepata. Akipewa ziwa, hulikataa.

Madhara hayaishii hapo. Ziwa hutengeneza maziwa kadiri linavyonyonywa. Mtoto anapoanza kunyonya kidogo, maziwa hupungua. Mama huhisi kwamba hayamtoshi mwanawe. Nyumba nzima humshauri aongeze uji. Na mtoto huzidi kuliacha ziwa. Miezi miwili baadaye, mstari wa uzito katika kadi ya kliniki hulala, na hakuna anayefahamu ulianza kulala lini.

Njia ya kuuvunja mzunguko huo ni rahisi na haina gharama kubwa. Kwa nusu kikombe cha uji, vitiwe vijiko viwili vikubwa vya unga badala ya kimoja kwa kikombe kizima. Uji ukikaribia kuiva, kiongezwe kijiko kikubwa cha tui zito la nazi, lile la kamuo la kwanza, na kijiko kidogo cha dagaa wakavu waliotwangwa na kuchekechwa, kisha vyote vichemke pamoja hadi viive vizuri. Nusu kikombe hicho hutoa zaidi ya kalori 100, yaani mara mbili ya kikombe kizima cha uji mwepesi wenye sukari, na hubakisha nafasi tumboni kwa ajili ya ziwa. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji takriban kalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula. Mabakuli mawili ya namna hiyo yanakaribia kulitimiza hitaji hilo.

Kipimo cha uzito hakihitaji chombo. Kijiko kikijazwa uji na kuinamishwa, uji udondoke polepole kwa mafungu. Ukitiririka kama mchuzi, bado ni mwepesi.

Pengo la madini ya chuma

Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma, yanayotumika kutengeneza damu. Akiba hiyo, kwa mtoto aliyezaliwa kwa wakati na uzito wa kawaida, hudumu takriban miezi sita. Maziwa ya mama yana chuma kidogo mno, chini ya nusu miligramu kwa lita, ilhali mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji kati ya miligramu 9 na 11 kwa siku. Chuma kidogo kilichomo katika maziwa hufyonzwa vizuri, lakini hakiwezi kuliziba pengo hilo. Ni lazima chuma kitoke kwenye chakula, na uji mtupu wa mchele au wa mahindi hauna cha kutosha.

Vyakula vyenye chuma kinachofyonzwa kwa urahisi ni samaki, dagaa, nyama, kuku na maini. Choroko, kunde, mbaazi na mboga za majani nazo zina chuma, ila mwili hukifyonza kwa shida zaidi. Matunda yenye vitamini C, kama vile papai, embe na chungwa, yakiliwa katika mlo huo huo husaidia. Chai hufanya kinyume chake. Mtoto anayepewa chai ya maziwa na mkate hupoteza sehemu ya chuma ambacho angekipata kwenye mlo huo, kwa hiyo chai isiwe kinywaji cha mtoto mdogo.

Baadhi ya wazazi, wakiona mtoto amepauka, hununua dawa ya matone ya kuongeza damu bila ya mtoto kupimwa. Zanzibar yenyewe ina funzo kuhusu jambo hilo. Mwaka 2006 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Pemba kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi 35. Watoto hao walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku kama kinga, bila ya kwanza kuangaliwa nani ana upungufu, katika wakati ambapo malaria ilikuwa imeenea. Utoaji wa madini hayo ulisitishwa mwaka 2003 baada ya kubainika kwamba waliopewa walikuwa wakilazwa hospitali na kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Katika kundi dogo lililopimwa damu na kufuatiliwa kwa karibu zaidi, watoto waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma walinufaika.

Tangu wakati huo malaria imepungua sana visiwani, na ushauri wa kimataifa umerekebishwa kutokana na matokeo ya Pemba. Funzo lake kwa mzazi bado ni lile lile. Dawa ya chuma hutolewa na mtaalamu baada ya mtoto kupimwa. Samaki, nyama na kunde vilivyopikwa nyumbani havihitaji cheti cha daktari.

Chakula kilichopo sokoni na shambani

Wataalamu wa lishe huvigawa vyakula vya mtoto katika makundi manane: maziwa ya mama, nafaka, mizizi na ndizi, jamii ya kunde na njugu, maziwa ya wanyama na mtindi, samaki, nyama na kuku, mayai, matunda na mboga zenye vitamini A kwa wingi, na matunda na mboga nyengine. Mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate angalau makundi matano kwa siku. Hesabu hiyo inafikika kwa vitu vya kawaida vya Darajani, Mwanakwerekwe au shamba la nyuma ya nyumba.

Msingi wa mlo waweza kuwa wali laini, uji mzito wa mchele au mtama, muhogo, majimbi, viazi vitamu, ndizi au shelisheli lililopondwa. Juu ya msingi huo uongezwe kila siku walau mnofu wa samaki, dagaa, yai au choroko zilizopikwa hadi kupondeka. Rangi ya chungwa na ya kijani kibichi huashiria vitamini A: boga, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, karoti, embe bivu, papai, mchicha, matembele na kisamvu. Majani yakatwe madogo sana, na kisamvu kipikwe hadi kiive barabara. Tui la nazi au kijiko kidogo cha mafuta huongeza nguvu na husaidia vitamini hiyo kufyonzwa. Tui, hata hivyo, si maziwa, na haliwezi kushika nafasi ya ziwa.

Samaki wadogo na wa kati, kama vile changu, tasi na vibua, wanafaa sana. Mnofu uchambuliwe kwa vidole safi mara mbili ili miba yote itoke. Papa, nduwaro na jodari wakubwa hukusanya zebaki nyingi zaidi mwilini mwao, kwa hiyo wasiwe chakula cha kila siku cha mtoto. Dagaa wakavu, kwa vile mara nyingi huanikwa chini, waoshwe, wakaushwe tena, wakaangwe bila mafuta, kisha watwangwe katika kinu na kuchekechwa ili mchanga usibaki.

Katika baadhi ya familia yai huzuiwa hadi mtoto aanze kusema. Hakuna sababu ya kitabibu ya kufanya hivyo. Yai lililoiva kabisa, kiini na ute wake, linafaa tangu miezi sita. Vivyo hivyo njugu, mradi zimesagwa laini na kuchanganywa katika uji. Chakula kipya kianzwe kidogo, na mtoto aangaliwe. Akivimba uso, akitoka vipele mwili mzima au akipumua kwa shida, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Unga wa lishe unahitaji tahadhari. Mahindi na njugu zilizohifadhiwa kwenye unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 sumu hiyo ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hali ya hewa ya Unguja ni ya unyevunyevu. Kwa hiyo nafaka na njugu zichambuliwe, zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupwe, na unga usagwe kidogo kidogo wa kutumika kwa wiki chache. Wingi wa nafaka zilizochanganywa si ubora. Nafaka moja na jamii moja ya kunde vinatosha.

Kiasi, uzito na mara

Vipimo vifuatavyo ni kwa mtoto anayenyonya, na kikombe kinachotajwa ni cha mililita 250.

Miezi 6 hadi 8: kuanzia vijiko vikubwa viwili au vitatu kwa mlo, kuongezeka polepole hadi nusu kikombe. Milo 2 hadi 3 kwa siku. Chakula kiwe kimepondwa, kizito, bila mabonge magumu.

Miezi 9 hadi 11: nusu kikombe kwa mlo, na zaidi akitaka. Milo 3 hadi 4 kwa siku, pamoja na kitafunwa kimoja au viwili, kama vile kipande cha embe laini au ndizi mbivu. Chakula kipondwe kidogo tu, na mtoto apewe vipande laini vya kushika mwenyewe.

Miezi 12 hadi 23: robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima. Milo 3 hadi 4 na vitafunwa. Ale chakula cha nyumbani, kilichokatwa vipande vidogo.

Katika umri wote huo kunyonya kuendelee kila mtoto anapotaka, mchana na usiku. Katika wiki za mwanzo ni vyema anyonye kwanza, kisha apewe chakula. Mtoto asiyepata maziwa ya mama anahitaji milo zaidi na maziwa mengine; mlezi wake apate ushauri wa kituo cha afya. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI na anayetumia dawa zake ipasavyo hufuata utaratibu huo huo wa miezi sita ya ziwa pekee, kisha chakula pamoja na ziwa, kwa maelekezo ya kliniki yake.

Mtoto asibakishwe kwenye vyakula vya maji maji kwa muda mrefu. Anayecheleweshewa vyakula vya kutafuna hadi baada ya miezi kumi huweza kuja kuwa mgumu wa kula baadaye.

Namna ya kulisha

Kula pamoja katika sinia moja ni desturi yenye heshima yake, na mtoto afundishwe. Lakini kwa mwaka wa kwanza na wa pili awe na bakuli lake. Katika sinia hakuna anayejua mtoto amekula kiasi gani. Katika bakuli huonekana. Akae pamoja na wengine, na bakuli lake mbele yake.

Mlezi amtazame, azungumze naye, asubiri ameze kabla ya kijiko kinachofuata. Mtoto anayegeuza kichwa au kufumba mdomo amesema ameshiba. Kumkaba, kumbana pua au kummiminia uji kwa mkono kunaweza kuupeleka uji mapafuni, na humfanya akiogope chakula. Chakula kipya huweza kukataliwa mara nyingi kabla ya kukubaliwa. Kirejeshwe siku nyengine bila ugomvi.

Mtoto alishwe akiwa amekaa, si amelala wala anatambaa. Njugu nzima, mbegu za ubuyu, kashata, kunde nzima zilizo ngumu na vipande vigumu vya karoti huweza kumpalia. Ndugu wadogo wanaorudi skuli na pakiti ya ubuyu waelezwe wasimgawie.

Vitu vya kuepukwa

Asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata ya kuonja, kwani huweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu inayolegeza misuli ya mtoto na hata kusimamisha pumzi. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka, ingawa kiasi kidogo kilichochemshwa chaweza kutumika katika kupikia. Chumvi na sukari hazihitajiki, na ladha ya tui na samaki inamtosha. Pilipili iachwe. Juisi za pakiti, soda, biskuti na pipi hujaza tumbo na kuozesha meno bila ya kumjenga.

Nyama ya kasa isiliwe kabisa. Machi 2024, Kisiwa Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila, na zaidi ya watu 70 walilazwa. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa, na huweza kupita katika maziwa ya mama hadi kwa mtoto anayenyonya. Kwa hiyo mama naye aiepuke.

Maji, joto na usafi

Miezi ya mwanzo ya kulishwa ndiyo pia miezi ambayo kuharisha huongezeka, kwa sababu mtoto sasa hupokea vijidudu kupitia vyombo, maji na mikono. Visiwa vyetu vimewahi kupata miripuko ya kipindupindu, ukiwamo ule wa 2015 na 2016, na visima vingi vya mitaani viko karibu na makaro. Maji ya kunywa ya mtoto yachemshwe, hata kama yametoka mferejini, yahifadhiwe katika chombo chenye kifuniko na yachotwe kwa kata yenye mpini.

Mikono ya mlezi na ya mtoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kupika, kabla ya kulisha na baada ya kumsafisha mtoto haja. Chupa yenye chuchu ni vigumu kusafishika. Kikombe kidogo na kijiko ni salama zaidi. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili nje ya friji. Kilichobaki katika bakuli alilolia mtoto kisihifadhiwe, kwani mate yake yameshachanganyika nacho.

Mama anapotoka, na mwezi wa Ramadhani

Wanawake wengi wa Paje, Jambiani na Bwejuu hulima mwani, na kazi hiyo hufuata bamvua. Maji yanapotoka, mama hukaa pwani kwa saa kadhaa. Wengine hutoka alfajiri kwenda sokoni, hotelini au ofisini. Kwa saa hizo mtoto hubaki na bibi, shangazi au dada, na hapo ndipo uji mwepesi hurudi, kwa sababu ndio ulio rahisi.

Mpango mzuri huanza kabla ya mama kutoka. Mtoto anyonye kabla ya mama kuondoka na mara tu anaporudi. Maziwa yaweza kukamuliwa kwa mkono safi katika kikombe kilichochemshwa na chenye kifuniko. Nje ya friji yasizidi saa nne, na katika siku za joto kali pungufu ya hapo; katika friji hudumu hadi siku nne. Mlezi ampe kwa kikombe. Anayebaki na mtoto aoneshwe uzito wa uji unaotakiwa kwa vitendo, kwa kijiko kuinamishwa mbele yake, maana maneno peke yake husahaulika.

Ramadhani ina changamoto yake. Jiko halikokwi mchana, na futari yote hupikwa jioni. Mtoto wa miezi minane, hata hivyo, hana saumu. Asipopikiwa chake, hubaki kulishwa mabaki ya usiku yaliyokaa nje tangu daku. Kama nyumba ina friji, sehemu ya mtoto itengwe kabla ya kuandaliwa futari, ihifadhiwe na ichemshwe upya kabla ya kulishwa. Kama haina, apikiwe kidogo asubuhi na mchana. Mama anayenyonyesha na anayehofia nafsi yake au mtoto wake anayo ruhusa ya kidini ya kufungua na kulipa baadaye. Kwa undani wake amuulize sheikh anayemwamini.

Mtoto anapougua

Mtoto mgonjwa anyonyeshwe zaidi, na alishwe kidogo kidogo mara nyingi. Asinyimwe chakula kwa sababu anaharisha. Kwa kuharisha, kituo cha afya hutoa ORS, dawa ya kuchanganywa na maji safi, na vidonge vya zinki vya kutumiwa siku 10 hadi 14. Vidonge vimalizwe hata kama kuharisha kumekoma. Baada ya kupona aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa muda wa wiki mbili ili arudishe uzito uliopotea.

Asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepoteza fahamu au aliyelegea sana, mwenye degedege, anayepumua kwa shida, mwenye damu kwenye choo au macho yaliyodidimia apelekwe kituoni saa hiyo hiyo bila kusubiri siku ya kliniki.

Huduma zilizo karibu

Vituo vya afya vya msingi hupima uzito wa watoto na kutoa chanjo bila malipo. Mtoto apelekwe kila mwezi na kadi yake, na mzazi aombe aoneshwe mstari wa ukuaji. Mstari unaopanda ni salama. Uliolala unataka mazungumzo kuhusu chakula siku hiyo hiyo, na unaoshuka unataka uchunguzi.

Katika miezi sita mtoto hupata dozi ya kwanza ya vitamini A, inayorudiwa kila baada ya miezi sita hadi atimize miaka mitano. Chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9 na kurudiwa akiwa na miezi 18. Dawa ya minyoo huanza baada ya mwaka mmoja.

Mhudumu akipima mkono wa mtoto kwa utepe wa rangi, kijani humaanisha hali nzuri, njano huashiria utapiamlo wa kadiri, na nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, huashiria utapiamlo mkali unaohitaji matibabu na chakula dawa. Wenye hali hiyo hupewa rufaa kwenda hospitali, zikiwamo Mnazi Mmoja, Kivunge na Makunduchi.

Wahudumu wa kujitolea wa afya ya jamii, chini ya mpango wa Jamii ni Afya wa Wizara ya Afya, hutembelea nyumba zenye wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Wanaweza kuketi jikoni na bibi anayebaki na mtoto na kumwonesha namna ya kuandaa mlo. Kaya ambayo haijatembelewa iulize kwa sheha wa shehia yake jina la mhudumu anayehusika, na mama aliyehamia karibuni ajitambulishe ili mtoto wake aingizwe katika orodha.